Nasaba na Nusukaputi

Asubuhi ile ya Jumanne tulikuwa watu wanne juu ya benchi moja la mbao katika ukumbi wa hospitali ya mwambao ambayo sina haja ya kuitaja jina: ndugu yangu, mkewe, mama mkwe wake aliyekuja bila ya kualikwa, na mimi, na katikati yetu, akichezea kamba ya kiatu, mtoto wa miaka 6 aliyeandikiwa kupasuliwa ngiri, operesheni ambayo matabibu huihesabu ndogo na kila mzazi huihesabu kubwa. Akaja kijana mmoja, mtaalamu wa usingizi, fomu mkononi, akauliza maswali yake kwa upole lakini kwa haraka ya mtu mwenye watoto wengine saba wa kuwauliza kabla ya saa mbili: amekula saa ngapi mara ya mwisho, ana kikohozi, ana jino linalolegea, ana pumu, dawa gani zinamdhuru. Kisha likaja swali la mwisho, ambalo aliliuliza huku kalamu yake imekwisha kutangulia kwenye jibu. Katika ukoo, yupo mtu aliyepata madhara kwa dawa ya usingizi?

“Hayupo,” mama wa mtoto akasema.

“Yupo,” akasema bibi kutoka pembeni.

Kijana akainua uso. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Yupo. Kaka yangu, tuliyenyonya ziwa moja. Alipelekwa kukatwa ngiri kama huyu, mzima, anacheka, tukarudishiwa maiti. Na waliomwosha walisema taya lake lilikuwa gumu kama gogo, na mwili bado wa moto.”

“Mama, hayo ya zamani,” binti yake akanong'ona kwa haya. “Ajali yake ilikuwa imefika.”

“Ajali siikatai. Nimeulizwa, nami nimejibu.”

Yule kijana aliiweka kalamu chini. Akamwomba bibi arudie tangu mwanzo, akaandika maneno yale jinsi yalivyosemwa, ya waoshaji na taya na joto, akaingia ndani. Na baada ya robo saa akatoka pamoja na daktari wake kutuambia kwamba operesheni haitafanyika leo, itafanyika Alhamisi, na kwa njia nyingine. Ndugu yangu, aliyekuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu kazini, alinuna. Mimi nilikwenda kutafuta habari, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayoyaleta mbele ya msomaji.

Upo ugonjwa ambao haumuumizi mtu maisha yake yote, haumkondeshi wala haumzuii kupiga mpira, wala hapana daktari awezaye kuujua kwa kumtazama machoni, nao hukaa kimya katika misuli yake mpaka siku atakapovutishwa mvuke wa nusukaputi. Jina lake katika lugha ya matabibu ni refu, haipathemia malignanti, nami nitauita joto la nusukaputi. Makadirio hutofautiana, lakini yanayotajwa sana ni kwamba kwa watoto hutokea mara moja katika kila nusukaputi 10,000 hadi 15,000, na kwa watu wazima mara chache zaidi. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi aweza kufanya kazi tangu ujana wake mpaka kustaafu asiuone hata mara moja, na mwenzake wa chumba cha pili akauona katika mwezi wake wa kwanza.

Historia ya kuujua kwake yaanza na mgonjwa aliyesema na tabibu aliyesikiliza. Mwaka 1960, katika mji wa Melbourne huko Australia, kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu aliletwa katika hospitali ya Royal Melbourne, akawashangaza madaktari kwa kuwa hofu yake haikuwa juu ya mguu, ambao mfupa wake ulikuwa umetoka nje, bali juu ya usingizi. Kwani jamaa zake 10, kwa hesabu yake, walikuwa wamekufa kwa nusukaputi ya etha. Maneno kama hayo hospitalini aghalabu huchukuliwa kuwa woga wa mgonjwa, hutulizwa kwa kupigapiga bega, na kazi ikaendelea. Daktari wa usingizi, James Villiers, alichagua halotheni, dawa iliyokuwa mpya zama hizo na iliyosifiwa kwa usalama, lakini yale maneno hakuyatupa. Akakaa juu ya mgonjwa wake kama mlinzi aliyekwisha kuonywa. Baada ya dakika kama 10 moyo wa kijana ulikwenda mbio, shinikizo la damu likashuka, rangi ikageuka, na ngozi ikawa ya moto. Villiers akakata dawa papo hapo, wakamzungushia mgonjwa barafu, akapona. Tabibu Michael Denborough, aliyekuwa hospitalini hapo, alizifuata habari za ukoo ule mtu mmoja baada ya mwingine, na yeye pamoja na mwenzake Lovell wakachapisha barua fupi katika jarida la Lancet mwaka huohuo. Barua ile ndiyo iliyoufanya ugonjwa ujulikane kuwa ni wa kurithiwa.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo watoto hawakufa hivyo. Mwaka 1929 mpasuaji mashuhuri wa watoto wa Paris, Louis Ombrédanne, alikwisha andika habari za watoto wachanga waliopauka na kupandwa na joto kali baada ya kupasuliwa kisha wakafariki, ingawa hapana yakini kwamba wote hao waliuawa na ugonjwa huu. Walionekana, wakahesabiwa; lakini hapana aliyewauliza bibi zao.

Sasa tuutazame mwili unavyoendeshwa na shari hii. Ndani ya kila uzi wa msuli mna ghala dogo la kalsiamu, na ghala hilo lina mlango: msuli unapoamriwa kukaza, mlango hufunguka na kalsiamu hutoka, unapoamriwa kulegea, mlango hufungwa na kalsiamu hurudishwa ndani. Kwa watu wa ukoo wenye kasoro, bawabu wa mlango huo ameumbwa na ila, nayo haidhihiriki mpaka ufike mvuke wa halotheni au wa ndugu zake wapya, isofureni na sevofureni, au sindano ya saksamethoniamu, ambayo hutumiwa kulegeza misuli kwa haraka ili mpira upitishwe kooni. Hapo mlango hufunguka usifungike. Misuli yote hukaza bila ya kupumzika, huunguza chakula chake kama tanuri, hunywa oksijeni yote iliyopo na kumwaga hewa ukaa na tindikali katika damu. Kisha nyuzi zake huanza kupasuka, potasiamu iliyokuwa ndani yake hutoka na kuushambulia moyo, na rangi ya msuli huchujwa katika figo, mkojo ukawa mweusi kama kahawa ya kibaraza.

Jambo la kutanabahi hapa ni kwamba joto, ambalo ndilo lililoupa ugonjwa jina, mara nyingi huchelewa kuja. Dalili ya kwanza aghalabu ni hewa ukaa inayopanda katika pumzi za mtoto, ambayo huonekana kwenye kioo cha mashine palipo na kipimo chake. Nyingine ni mapigo ya moyo yanayokimbia bila ya sababu, na taya linalokakamaa baada ya ile sindano ya kulegeza, kinyume kabisa na kilichotarajiwa. Mahali ambapo kipimo hicho hakipo, na hospitali zetu za wilaya zisizokuwa nacho ni nyingi, wataalamu wa zamani walikuwa na kipimo chao cha mkono: hugusa kopo la chokaa linalonyonya hewa chafu katika mashine, na likiwa la moto kuliko desturi na chokaa yake imebadilika rangi mapema, wakajua kwamba ndani ya mtoto kuna kitu kinaungua. Nawastahi watu wale. Elimu iliyo katika kiganja haikatiki umeme.

Ujuzi wa dawa yake ulitoka Afrika, na ulipitia kwa mnyama ambaye wengi wa wasomaji wangu hawamkaribishi mezani; lakini insafu yataka atajwe. Wafugaji walikuwa wakijua kwamba nguruwe wa aina fulani, wakipakiwa garini au wakipelekwa machinjoni, hukakamaa kwa fadhaa, hupandwa na joto na kufa, na nyama yao hutoka nyeupe yenye majimaji. Katika miaka ya 1960 ilidhihirika kwamba nguruwe hao wakipewa halotheni au saksamethoniamu hufa kifo kilekile cha jamaa za kijana wa Melbourne. Gaisford Harrison, daktari wa usingizi wa Cape Town, alifanya majaribio juu ya nguruwe hao miaka mingi, na mwaka 1975 akatangaza kwamba dantrolini, dawa iliyoundwa mwaka 1967 kwa ajili ya kulegeza misuli iliyokaza, huufunga ule mlango wa kalsiamu na kumrudisha mnyama kutoka kaburini. Mwaka 1979 dawa hiyo ya sindano ikaruhusiwa Marekani. Kabla yake, katika kila watu 10 walioshikwa na joto hili walikufa 7 au 8. Penye dawa, na penye watu waliojizoeza kuitumia, siku hizi hafi hata 1 katika 10. Na kwa kuwa watu wa kusini mwa bara hili hawatajwi sana katika tarehe ya utabibu, niongeze kwamba Denborough naye alizaliwa Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, na utabibu aliusomea huko huko Cape Town kabla ya kuhamia Australia.

Lakini dantrolini ni dawa yenye inda. Ile ya asili huja ikiwa unga katika chupa ya miligramu 20, na kila chupa hutiwa maji safi mililita 60 na kutikiswa mpaka iwe angavu. Kipimo cha kwanza ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mgonjwa, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 huhitaji miligramu 50, ambazo ni chupa mbili na nusu. Watu watatu wanatikisa, wa nne anavuta kwenye bomba la sindano, na kama hali haijatulia baada ya dakika chache, huanza tena. Chama cha Marekani kinachoshughulikia ugonjwa huu hupendekeza kila mahali patolewapo mivuke hii pawekwe chupa 36. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki haipo hata moja, na sababu si siri: bei yake ni kubwa, miaka yake ya kukaa kabatini ni michache, na mganga mkuu ambaye hana damu ya kutosha wala dawa za kuua vijidudu kwa kina mama waliojifungua hawezi kulaumiwa kwa kutonunua dawa ya jambo ambalo huenda lisitokee katika uhai wake. Mimi simlaumu. Lau ningekuwa na fungu lake, ningenunua damu.

Je, basi, mtoto aliyeshikwa mahali pasipo dantrolini ndiyo kwaheri? La. Kijana wa mwaka 1960 alipona kabla ya dawa hiyo kufikiriwa, kwa sababu sumu ilikatwa mapema. Wajuzi wanasema hivi: mvuke ufungwe saa hiyohiyo, wala asingojwe mkubwa wa kutoa ruhusa, mtu mmoja aseme kwa sauti jina la ugonjwa, ili wote chumbani wajue kwamba hali imegeuka, oksijeni ifunguliwe yote na mtoto apumulishwe kwa kasi ili hewa ukaa itoke, mpasuaji afunge jeraha kwa njia fupi iwezekanayo, barafu iwekwe shingoni, kwapani na kinenani, na maji baridi yapitishwe mshipani, mpaka joto lishuke karibu na digrii 38, kwani kumpoza kupita hapo ni kumtoa motoni na kumtia baharini, moyo ulindwe dhidi ya potasiamu kwa kalsiamu, na kwa insulini pamoja na sukari, na maji yatiwe mwilini kwa wingi, ili mkojo uende na figo zisizibe. Hayo yote si mageni kwa mtu wa kazi hiyo. Kinachowakwamisha ni taharuki, kwa kuwa dakika ile kila mtu hukumbuka jambo moja na hapana anayekumbuka yote. Ndiyo maana hospitali zenye busara hubandika ukutani karatasi ya hatua hizo kwa maandishi makubwa, na mara moja au mbili kwa mwaka huifanyia mazoezi, mmoja akijifanya mgonjwa, jambo ambalo wazee wa kazi hulicheka mpaka siku linapowafaa.

Wala hatari haiishi mtoto anapotolewa chumbani. Takriban mmoja katika kila wanne au watano waliookoka hushikwa mara ya pili, na aghalabu ni ndani ya saa 24, ndiyo sababu ya kutakiwa alazwe chini ya uangalizi mkali, hata kama anazungumza na kuomba maji. Usiku huo muuguzi mmoja aweza kuwa na vitanda 30, na anayeona kwanza kwamba mkojo umekuwa mweusi, au kwamba mguu wa mtoto umekakamaa tena, ni mama aliyeketi juu ya ndoo pembeni mwa kitanda. Aambiwe la kutazama. Katika wodi zetu mama huyu huamrishwa anyamaze na atoke wakati wa raundi, hali yeye ndiye mlinzi pekee asiyebadilishana zamu.

Kuna ndugu wa karibu wa kadhia hii ambaye sina budi kumgusa, kwa kuwa yeye huwawinda watoto wa kiume hasa. Wapo wavulana wenye ugonjwa wa misuli kudhoofika, unaoitwa kwa jina la tabibu Duchenne wa Ufaransa, ambao katika miaka yao ya mwanzo huonekana wazima: wamechelewa kidogo kutembea, wana mashavu ya miguu manene ambayo bibi huyasifu, na wakitaka kuinuka chini hushika mapaja yao wakajipandia wenyewe kama wapandao mnazi. Mvulana wa namna hiyo akipigwa saksamethoniamu, potasiamu hufurika katika damu kwa ghafla na moyo husimama, naye huhitaji kalsiamu kwa haraka pamoja na kukandwa kifua. Vifo hivyo ndivyo vilivyoifanya Marekani, katika miaka ya 1990, kuiwekea dawa hiyo onyo kali kuhusu kutumiwa kwa watoto kwa mazoea tu. Hapa pia, kauli moja ya mama, “huyu alichelewa kutembea, daktari,” yaweza kubadilisha sindano itakayochaguliwa.

Na sasa nirudi kwa bibi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye mambo 19 ya kuhakikishwa, nayo imeenea mpaka hospitali za kwetu. Inauliza juu ya dawa zinazomdhuru mgonjwa, juu ya ugumu wa njia ya pumzi, juu ya damu itakayopotea. Swali la ukoo halimo. Ile fomu ya kijana wa Jumanne ilikuwa nalo kwa sababu mtu fulani, zamani, aliliongeza kwa mkono kabla ya karatasi kupigwa chapa upya, na kila anayelisoma hulipita mbio kwa kuwa jibu lake siku zote ni hapana.

Sisi watu wa pwani ni hodari wa nasaba. Mzee wa kawaida atakutajia babu saba, na nani alimwoa nani, na shamba gani lilitoka kwa mke yupi, kwa sababu mirathi na ndoa hazisimami bila ya hayo. Lakini tukifika kwenye namna watu walivyokufa, tunafunga mlango: ajali yake ilifika, basi, na kuyapekua zaidi huonekana kuwa ni kumvunjia marehemu sitara, au kumtilia shaka aliyemtibu, au, kwa wenye imani dhaifu, kumtafuta mchawi. Kumbe ugonjwa huu hutembea katika ukoo kwa kanuni iliyo wazi kuliko ya mirathi: kila mtoto wa mwenye kasoro, mume kwa mke, ana nusu ya bahati ya kuirithi. Wala haitoshi kusema kwamba fulani alikwisha kupata nusukaputi akaamka salama, kwani wengi walioshikwa walikwisha kuipata kabla ya hapo bila ya kudhurika. Ushahidi unaobaki ni ule uliomo vichwani mwa wazee na katika mikono ya waoshaji maiti, nao hauandikwi popote.

Alhamisi ilipofika, sanduku la mvuke lilikuwa limeondolewa katika mashine, mipira yake imebadilishwa, na oksijeni safi imepitishwa ndani yake tangu alfajiri kuisafisha. Mtoto alilazwa kwa propofoli ya mshipani pamoja na sindano ya ganzi chini ya mgongo, dawa ambazo haziuamshi ugonjwa huo. Hata ketamini, inayodharauliwa kuwa ni dawa ya hospitali maskini, ingefaa vilevile. Akakaa ndani dakika 40, akaamka anauliza kiatu chake. Kama yule kaka wa bibi alikufa kwa joto la nusukaputi, au kwa jambo jingine miongoni mwa mengi yaliyoua watu katika vyumba vya zamani, hatutajua kamwe; na kama mtoto ana kasoro au hana, nalo hatulijui, kwa kuwa kipimo cha yakini hutaka kipande cha msuli hai kijaribiwe ndani ya saa chache, na maabara zinazokifanya duniani ni chache na ziko mbali. Katika kadi yake ya kliniki, ukurasa wa mwisho, yule kijana aliandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe mivuke wala saksamethoniamu, na chini yake akaweka sababu: kaka wa bibi mzaa mama.

Msomaji mwenye mtoto aliyeandikiwa siku ya kupasuliwa, usingoje fomu. Mpigie shangazi yako leo, na mjomba, na yule bibi wa shamba ambaye hamumualiki, uwaulize kama yupo katika ukoo aliyeingia chumba cha upasuaji mzima akatoka maiti, au akatoka wa moto, au taya likakaza, au akachelewa mno kuamka. Na jibu utakalolipata, hata likiwa nusu, liandike katika kadi ya mtoto kabla hujalala.